Mkono au hewa

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, wa kijiti kikavu kilichokanyagwa. Watoto wa jimnastiki waliokuwa kwenye foleni hawakuusikia. Mimi niliusikia kwa kuwa nilikaa karibu kabisa na magodoro, nimejikunyata ndani ya koti. Meru ilikuwa haijavua wingu tangu alfajiri, na Arusha ya mwezi wa saba mnaijua.

Chalii mmoja alikuwa ameshika karatasi yangu. Akasoma kwa sauti: "Kupinduka nyuma!"

Mpwa wangu, miaka 13, akanyoosha mikono juu, akajirusha kinyumenyume. Kijana aliyesimama pembeni kumshika akampokea kiunoni, akamnyanyua.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Binti alikuwa anakwenda chini, anaitafuta ardhi kwa viganja. Kijana alikuwa anampeleka juu, akijua huyu anazunguka hewani na kutua kwa miguu. Wote wawili walikuwa wamesikia maneno yaleyale. Kiganja cha kushoto kilifika chini peke yake, kimechelewa, kimepinda.

Usiku tulirudi Sakina na mkono uliofungwa P.O.P. Dada yangu hakunigombeza. Aliniwekea chai, akakaa, akauliza kwa upole kabisa:

"Hivi si wewe uliyewaandikia?"

Ni mimi.

## Karatasi zenye plastiki

Kazi yangu ni kutafsiri. Nina meza ndani ya stesheneri moja karibu na soko la Kilombero. Wanakuja wenye mikataba ya viwanja, waomba kazi, kampuni za utalii na vipeperushi vyao. Anayekuja na Kiingereza anaondoka na Kiswahili, anayekuja na Kiswahili anaondoka na Kiingereza, na hapo katikati mimi napata nauli ya kifodi na hela ya sukari.

Kocha wa mpwa wangu alikuja na bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi 11 zilizofunikwa plastiki, zimejaa vijitu vilivyochorwa vikiruka na kupinduka, kila kijitu na jina lake la Kiingereza chini. Mgeni mmoja aliyepita kujitolea alikuwa ameziacha kiwanjani, akarudi kwao.

"Mwalimu," kocha aliniambia. Ananiita mwalimu ingawa sijawahi kufundisha. "Watoto wanazitazama kama katuni tu. Tuwekee Kiswahili."

Nilizimaliza jioni moja. Sikumdai hata soda. Nikaenda kulala nikijiona mtu mwema sana.

Sasa niwasomee nilichoandika. "Layout" niliiita mpangilio, maana kwenye stesheneri layout ni mpangilio wa ukurasa. Kumbe ni mwili ulionyooka kama rula angani. "Tuck" niliiita kuchomekea, kama shati ndani ya suruali, kumbe ni kujikunja magoti yakaja kifuani. "Pike" kamusi ilinipa samaki au mkuki. Nikachagua mkuki nikidhani nimetumia akili. Ni mwili unaokunjwa kiunoni tu, miguu imenyooka. "Vault" ikawa chumba cha kuhifadhia fedha. Nilijiuliza kidogo chumba hicho kinatafuta nini kwenye michezo, usingizi ukanishinda. Kumbe ni kuruka juu ya kifaa kinachoitwa farasi.

"Beam" nilipatia: boriti. Ni boriti kweli, urefu wa mita 5, imeinuliwa mita 1.25 kutoka chini, upana wake sentimita 10, na wasichana wanapindukia juu yake. Kiganja changu kikilazwa hapo kwa urefu kinaning'inia.

Makosa haya hayakumuumiza mtu. Mtoto akisoma "kuchomekea nyuma" anacheka, anautazama mchoro, anaelewa. Mkono ulivunjwa na kosa lililosikika sahihi.

## Kamusi haikulaumika

Kwa wiki kadhaa nilikuwa nalala vibaya. Kwa dada vyumba vimetenganishwa na mbao nyembamba, na usiku mtoto akigeuka nasikia P.O.P. ikigonga ukingo wa kitanda.

Nilichofanya ni hiki. Palipoandikwa "back somersault", niliandika kupinduka nyuma. Mistari miwili chini yake paliandikwa "back handspring". Nikatazama mchoro, nikaona kijitu kichwa chini miguu juu, nikaandika kupinduka nyuma. Ukurasa mmoja, majina mawili ya Kiingereza, jina moja la Kiswahili. Tena niliona. Nakumbuka nikijiambia kwamba Wazungu wanapenda kuzidisha maneno.

Nikairudia kamusi, natafuta wa kumlaumu.

Kamusi ilikuwa imesema kweli. Kwa Kiingereza cha kawaida somersault ni kugeuka kichwa chini miguu juu, iwe hewani, iwe chini. Mtoto wa Uingereza akijibingirisha kwenye majani, mama yake ataiita somersault na hakuna atakayebisha. Ila ukiingia ukumbini kwa wenye mchezo, neno hilohilo linabanwa: hewani tu, mikono isiguse kitu. Kule kwenye majani wao wanakuita "roll", kubingirika. Na wakiwa wenyewe kwa wenyewe wengi hawalitumii hata hilo somersault, wanasema "salto". Mtaani, na kwenye video ambazo machalii wanazitazama kwenye simu, ni "flip".

Nilijaribu kuyapanga haya matatu nikashindwa, kwa sababu hayakai kwenye mstari. Flip ni neno la kila mtu, halichagui. Hata kurusha sarafu ni flip. Salto ni la wenye kazi. Somersault limekaa mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje.

Nikachimba zaidi. Salto ni Kiitaliano, maana yake mruko. Somersault limepitia Kifaransa cha kale, na ukilifuata hadi kwenye Kilatini unakuta supra, juu, na saltus, mruko. Ni ndugu wa damu, mmoja alikaa Italia, mwingine akazunguka Ufaransa hadi akasahau jina la baba.

Wote wawili wanataja kuruka. Hakuna anayetaja kugeuka.

Hilo lilinikalisha chini. Kiswahili changu kilikuwa kimefanya kinyume chake. Basi linapinduka, mtumbwi unapinduka, serikali inapinduliwa na tunaadhimisha Mapinduzi kila Januari. Neno hili linatazama jambo moja: cha juu kimekuwa chini. Halina habari na ardhi. Basi likipinduka hakuna anayeuliza limegusa lami kwa upande gani kwanza.

Handspring ndilo linalouliza hilo. Mkono, na kufyatuka. Mwili unatua kwenye viganja, halafu unafyatuka kutoka hapo kuja miguuni. Jina lake la Kifaransa ni flic-flac, ambalo ni mlio tu: viganja, kisha miguu. Sikuhitaji kamusi. Neno "hand" lilikuwa pale mbele ya macho yangu, herufi nne, na kila mtu wa darasa la tatu analijua. Nikaliruka.

Kwa anayekushika, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Salto inapanda, kwa hiyo anakaa karibu na anakisindikiza kiuno juu. Handspring inakwenda mbali kinyumenyume, kwa hiyo anasimama hatua moja nyuma zaidi, anashikilia mgongo, anauacha mwili ushuke hadi viganja vipate chini. Kijana yule alifanya kwa usahihi kabisa kazi ya neno lingine.

Na yeye kwenye karatasi yangu, jamani, ana jina. Kwa Kiingereza anaitwa "spotter". Mimi nikakumbuka kwamba to spot ni kuona, nikaandika: mtazamaji.

## Tairi la mkokoteni

Jina nililolipenda kuliko yote ni "cartwheel", gurudumu la mkokoteni. Waliolibuni waliona mikono na miguu iliyonyooka ikipokezana ardhi, mkono, mkono, mguu, mguu, wakakumbuka gurudumu la mbao na miti yake inayotoka katikati kwenda ukingoni.

Siku moja mchana nikaacha meza yangu nikaenda kusimama pale sokoni kutazama mikokoteni. Yetu ina matairi ya gari. Meusi, yameshiba, hayana mti hata mmoja ndani. Mwenye mkokoteni akaniuliza kama nina mzigo. Nikamwambia natazama tairi tu. Na yeye akanitazama.

Basi mfano wao hapa kwetu haufanyi kazi. Gurudumu la baiskeli lingefaa, kwa spoku zake. Tairi kiwanjani kwetu lipo, lakini kwa shughuli nyingine kabisa: ni la lori, limefukiwa nusu kwenye udongo, watoto wanalikimbilia na kulikanyaga ili liwarushe juu ya viroba vya maranda. Ukimwambia mtoto wa Ngarenaro "haya, tairi", hatanyoosha mikono pembeni. Atakimbia kulirukia.

Cartwheel ana mtoto wake, "round-off", na huyu alinidhalilisha kuliko chumba cha fedha. Kwenye Kiingereza cha hotuba, to round off ni kuhitimisha vizuri, kama mgeni rasmi anavyofunga kwa shukrani. Nikaandika kumalizia.

Kumbe ni mwanzo. Unakimbia ukitazama mbele, unaingia kama mtu wa cartwheel, ila miguu inakutana ikiwa juu na kushuka pamoja, na unajikuta umetazama ulikotoka. Mbio zako zote za mbele zimegeuzwa kuwa nguvu ya kwenda nyuma. Baada yake ndipo inakuja handspring, na baada ya handspring ndipo inakuja salto. Nilikuwa nimewaambia watoto waanze kwa kumalizia.

Hapo ndipo nilipoanza kuyaona haya majina kwa jicho lingine. Nilikuwa nimeyatafsiri moja moja, kama dawa kwenye rafu. Kumbe yanakaa kama maneno ndani ya sentensi. Round-off ni kiunganishi. Handspring inakusanya kasi. Salto ndiyo habari yenyewe. Tuck, pike na layout ni vivumishi, vinasema salto hiyo ilikuwa ya umbo gani, na ndiyo maana mtu akisema "back tuck" hahitaji kutaja salto: kivumishi kimemeza nomino yake, kama sisi tunavyosema "nipe baridi" na muuzaji anajua ni soda.

Halafu ipo "twist". Hii nilishindwa kuielewa hadi siku nilipokuwa naangalia mishkaki ikigeuzwa jikoni kwa jirani. Salto ni mwili uliochomwa kijiti kutoka nyonga hadi nyonga, unazunguka humo. Twist ni mwili uliochomwa kijiti kutoka utosini hadi nyayoni. Mwanamichezo mzuri anazunguka kwenye vijiti vyote viwili kwa wakati mmoja. Mwaka 2019, kwenye mashindano ya dunia ya jimnastiki ya Stuttgart, Mmarekani Simone Biles alifanya sakafuni kitu kinachoitwa "triple-double". Mswahili akisikia anaelewa pinduko tatu za kitu fulani. Hapana. Pinduko ni mbili, mizunguko ya mshikaki wa pili ndiyo mitatu. Kiingereza kimetanguliza sifa kama kawaida yake, jambo lenyewe likaja mwisho. Sisi tungeanza na pinduko mbili, halafu tukamwambia msikilizaji zina mizunguko mitatu ndani yake.

## Ndizi

Kuna usiku nilikaribia kuamini kwamba tatizo si mimi, ni Kiswahili.

Tazameni. Kwa wenye mchezo huu, "leap" ni kuondoka kwa mguu mmoja na kutua kwa mwingine. "Hop" ni kuondoka na kutua kwa mguu uleule. "Jump" ni kuondoka kwa miguu yote miwili. Mimi nina kuruka. Kuruka huko huko ndege anaruka, kuruka huko huko mwanafunzi anaruka ukurasa, na wasichana wanaruka kamba. "Turn" ni kuzunguka mguu ukiwa chini, "twist" ni kuzunguka ukiwa hewani. Mimi nina kuzunguka, na hata mgombea udiwani anazunguka.

Kilichonizuia ni ndizi.

Miaka ya nyuma kampuni moja ya Moshi ilinipa kipeperushi cha matembezi ya vihambani. Mwenyeji wao, mama mtu mzima, alikuwa ametaja mshare, kitarasa, ndishi, kimalindi, kisukari. Nikaandika banana. Nikaandika tena banana. Mwisho nikafupisha: aina mbalimbali za ndizi. Mteja alilipa, watalii wakasoma, hakuna aliyeumia. Lakini jaribu kumpelekea mama wa Marangu kisukari uone kama utakunywa mtori siku hiyo. Hakuna aliyesema Kiingereza ni maskini kwa kukosa neno la mshare. Tunajua tu kwamba mwenye Kiingereza chake hakulelewa kihambani.

Na wenye mchezo nao hawakuwa na raha na maneno yao. Mjerumani Friedrich Ludwig Jahn, aliyefungua uwanja wa mazoezi pale Hasenheide, Berlin, mwaka 1811, hakulitaka neno la Kigiriki, jimnastiki. Alichagua turnen, akiamini ni Kijerumani safi cha mababu. Wataalamu wa lugha baadaye wakaonyesha kwamba limetoka kwenye tornare, Kilatini, kugeuza kwa kukereza. Na hilo la Kigiriki alilolikataa lina gymnos ndani yake, uchi, kwa kuwa Wagiriki walifanya mazoezi bila nguo. Nilimsimulia dada, ambaye mwanawe anakwenda jimnastiki kila Jumamosi kwa ruhusa ya familia nzima. Akasema hilo nisilifikishe kwa mchungaji.

Sisi je? Sarakasi tunaitamka kama urithi wa babu, na ni "circus" iliyovaa kanzu. Samasoti ni somersault iliyokaa na machalii hadi ikapewa uraia.

## Yurchenko ni nani?

Kwenye karatasi kulikuwa na majina mawili ambayo sikuyagusa: Yurchenko na Tsukahara. Nilifurahi, jina la mtu halitafsiriwi. Kazi imepungua.

Mpwa wangu, mkono ukiwa umening'inia shingoni kwa khanga ya mama yake, ndiye aliyeuliza ni kina nani.

Natalia Yurchenko alikuwa Msovieti, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianza kuufikia ule mruko wa farasi kwa kinyumenyume: round-off kwenye ubao wa kurushia, handspring ya nyuma hadi mgongoni mwa farasi, halafu hewani. Farasi mwenyewe ni kifaa, na tangu 2001 si farasi tena, ni kitu kipana zaidi kinachoitwa meza. Mitsuo Tsukahara ni Mjapani, alikuwa na njia yake ya kuingia kwa ubavu. Ukifanya jambo jipya kwenye mashindano makubwa ya kimataifa, linaweza kuandikwa kwenye kitabu cha kanuni kwa jina lako. Biles anayo matano.

Majina haya yananikera na kunivutia. Handspring linamsaidia mjinga, likisikilizwa vizuri linajieleza. Yurchenko halimsaidii mtu. Ni lazima uwe tayari unajua. Lakini ukishajua, neno hilo moja linakuokolea sentensi tatu.

Kiwanjani pia kuna mruko unaoitwa kwa jina la utani la kijana aliyekwenda Zanzibar kucheza mahotelini. Jina sitaliandika kwa kuwa sijamwomba. Watoto wadogo wanalitumia kila siku na hawajui kwamba ni mtu. Wanadhani ni kitenzi.

Jina lingine ni Thomas salto, la Kurt Thomas, Mmarekani: pinduko moja na nusu yenye mizunguko, inayomalizikia kwa kubingirika badala ya kusimama. Julai 1980, wiki mbili hivi kabla ya Olimpiki ya Moscow, Elena Mukhina, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1978, alikuwa anaifanyia mazoezi. Akatua vibaya, akavunjika shingo, akapooza hadi alipofariki mwaka 2006. Aliamrishwa ajizoeze wakati mguu wake ulikuwa haujapona vizuri. Jina lilikuwa sahihi, kila mtu ukumbini alilielewa, na halikumsaidia.

Nilikuwa namsomea mpwa wangu haya kwenye simu. Alinyamaza, halafu akauliza:

"Anko, nani alikuwa anamshika?"

Nikazima simu.

## Nyuma mkono

Wiki ya sita nikaenda kiwanjani kuomba radhi, na nimebeba karatasi mpya. Nilikuwa nimezikesha. Kulikuwa na "mfyatuko-mkono wa kinyume", "pinduko-anga la mkunjo", na mengine ambayo sasa sithubutu kuyaandika. Nilikuwa nimeyapima kila silabi.

Kocha akavaa miwani, akasoma yote bila haraka. Akamwita chalii aliyekuwa anapita, akamwonyesha mchoro wa back handspring huku ameyafunika maneno kwa dole gumba.

"Hii mnaitaje?"

"Nyuma mkono."

"Na hii?"

"Nyuma hewa."

Chalii hakuwaza hata sekunde. Kocha akaendelea, na mimi nimesimama pale na kalamu. Tuck ni yai: nyuma hewa ya yai. Layout ni mbao. Round-off ni geuza. Kutua bila kusogeza hata kidole, ambako Waingereza wanasema kunata, wao wanasema kuganda. Twist ni twisti tu, nusu au nzima, na hapo nilipata faraja ndogo kwamba na wao kuna mahali wamekopa. Anayekushika ni mshikaji, kwa maana zote mbili.

Kocha alifundishwa na mzee mmoja, mzee huyo alifundishwa na mwingine, na mnyororo huo, anavyosimulia yeye, unaishia kwa wale vijana waliopelekwa China miaka ya 1960 kujifunza sarakasi. Hakuna aliyewahi kuandika. Maneno yametembea kwa mdomo, kutoka kwa anayeshika kwenda kwa anayeshikwa.

Nikamuuliza swali lililokuwa linanichoma. Kama walikuwa na nyuma mkono na nyuma hewa siku zote, kwa nini siku ile walisoma kupinduka nyuma na kutii?

Akavua miwani.

"Mwalimu, ilikuwa imeandikwa. Tena ina plastiki. Mtoto atambishia nani?"

Alirudisha karatasi mpya kwenye bahasha, kwa heshima, kama mtu anavyorudisha chakula alichokaribishwa akiwa ameshiba.

## Jumamosi iliyopita

Mpwa wangu alifunguliwa P.O.P. mwezi wa nane mwishoni. Mkono umekonda na una ngozi ya mtu mwingine. Daktari alimpa mazoezi, akayafanya, na kocha akamchelewesha wiki nyingine mbili baada ya hapo, za kutembea juu ya gogo na kubingirika tu.

Jumamosi iliyopita akasimama kwenye magodoro. Akanyoosha mikono juu. Akaishusha. Akanyoosha tena.

Mwaka 2021, Biles alipojitoa kwenye fainali ya timu kule Tokyo, dunia nzima ilijifunza neno ambalo wenye mchezo walikuwa nalo kitambo, "twisties": kupotea ukiwa hewani, mwili usijue chini iko wapi. Nililifikiria hilo nikiwa nimekaa palepale, koti lilelile. Lakini halikumfaa huyu. Mpwa wangu alijua vizuri sana chini iko wapi. Alikuwa anamtazama kijana pembeni.

Ni yuleyule. Tangu siku ile alikuwa hajamshika mtu yeyote. Nilisikia kwa watu kwamba alikuwa anakuja kiwanjani, anakaa kwenye tairi, anaondoka. Nilikuwa nimemtafuta nikamwambia kosa lilikuwa langu, akajibu "sawa, anko, shikamoo," kama mtu anayetaka kupita.

Sasa alikuwa amekaribia, mikono mbele, karibu kabisa na kiuno. Akamuuliza kwa sauti ndogo:

"Mkono au hewa?"

"Mkono."

Akarudi hatua moja nyuma.